Tunaulaza utumbo ili tuupige picha

Mgonjwa wa Crohn, ugonjwa wa kudumu unaovimbisha utumbo, anayepelekwa kupigwa MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) ya utumbo mwembamba hunyweshwa kwanza kimiminika kingi, kiasi cha lita moja au zaidi, ili utumbo utanuke. Halafu, mara nyingi, huchomwa sindano ya hyoscine butylbromide. Kazi yake ni kuulegeza utumbo utulie, picha isije ikatoka na ukungu. Kwa miaka mingi mwendo wa utumbo umehesabiwa kuwa kero tu, kitu cha kunyamazishwa kabla ya kazi kuanza.

Wapo wataalamu wanaotaka mashine ianze kazi kabla ya sindano. Mgonjwa anabana pumzi kwa sekunde 20 hivi, mashine inapiga sehemu ileile ya tumbo tena na tena, karibu picha moja kila sekunde, na picha hizo zikiunganishwa zinakuwa video fupi. Programu ya kompyuta hufuatilia namna ukuta wa utumbo unavyojikunja na kujinyoosha, kisha inatoa namba inayoonyesha kiasi cha mwendo huo.

Wenye shaka na njia hii wanaikamata hapohapo kwenye sekunde 20, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mtu akiwa na njaa, utumbo mwembamba huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hadi 120, na ndani ya kila mzunguko kuna kipindi kirefu cha utulivu. Utumbo mpana ndio mgumu zaidi: ile misukumo mikubwa inayosogeza kinyesi hutokea mara chache tu kwa siku. Utaidakaje kwa pumzi moja?

Lakini jibu linategemea umeuliza nini. Misuli ya mwisho wa utumbo mwembamba ina mdundo wa kama mara 8 kwa dakika, na karibu na tumbo la chakula ni kama mara 12. Kwa hiyo sekunde 20 zina nafasi ya midundo miwili, mitatu, pengine minne. Ukitaka kujua chakula kinasafiri kwa muda gani, hiyo ni sawa na bure. Ila ukitaka kujua kama kipande hiki cha ukuta bado kinajikunja au kimekakamaa, midundo mitatu inakuambia mengi, hasa ukikilinganisha na kipande jirani cha mgonjwa huyohuyo, aliyekunywa kimiminika kilekile, dakika ileile. Ubishi mwingi juu ya kipimo hiki, kwa maoni yangu, unatokana na kuyachanganya maswali haya mawili.

Na kwa Crohn, swali la pili ndilo lenye uzito. Sehemu yenye uvimbe husogea kidogo kuliko sehemu isiyo na ugonjwa, na dawa ikifanya kazi mwendo huelekea kurudi. Ugonjwa huu huwapata wengi wakiwa vijana, na hufuatiliwa maisha yote. MRI haina mionzi ya eksirei, kwa hiyo inaweza kurudiwa, na video hii haihitaji hata dawa ya rangi kwenye mshipa. Kamera inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa huona kipande kidogo tu cha mwisho cha utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita kadhaa.

Mrija wa kupima shinikizo, unaopitishwa puani au mdomoni, bado una nafasi yake. Unakaa ndani kwa saa kadhaa, na husaidia kubainisha kama tatizo ni la misuli au la neva, jambo ambalo video haisemi. Ila aliyewahi kuumeza hatashangaa kwamba wagonjwa hawaupendi.

Kuhusu kufunga choo nakubaliana na wenye shaka kwa sehemu kubwa. Huko njia nyingine za MRI zinaahidi zaidi: kumezesha vidonge vinavyoonekana kwenye picha na kutazama kesho yake vimefika wapi, au kupima ujazo wa utumbo mpana.

Pingamizi linaloniumiza kichwa ni jingine kabisa. Namba hutegemea mashine, programu, kiasi cha kimiminika na hata nani amechora mpaka wa kipande kinachopimwa. Hakuna bado kiwango kimoja cha kawaida kinachokubalika kote, na mpaka kipatikane, mgonjwa anayefuatiliwa kwa namba hii ni afadhali apimwe mahali pamoja, kwa mashine ileile.