Neno Alilolihifadhi Chuoni, Gemu Ikamfungulia

Mpwa wangu ana miaka 16. Baada ya isha, akishamaliza kazi za skuli, hukaa barazani kwetu hapa Ng'ambo, mjini Zanzibar, na simu ya mamaake, hedifoni masikioni, akacheza PUBG Mobile, gemu ya vita ya mtandaoni, na binamu yake aliyeko Maskati. Kikosi ni cha watu wanne, kwa hiyo binamu huleta wenzake wawili anaosoma nao. Yeye Kiswahili anakijua, maana amezaliwa katika nyumba ya Wazanzibari waliohamia Oman. Wale wenzake hawajui hata neno moja. Basi mchezo mzima huenda kwa Kiarabu cha huko, cha haraka, na kijana wetu alianza akiwa hana Kiarabu zaidi ya alichosomeshwa chuoni, yaani madrasa.

Usiku mmoja alivua hedifoni akaniuliza: "Mjomba, waraa si ndiyo nyuma?"

Nikamwambia ndiyo.

"Kwa hiyo wa-ammaa man uutiya kitaabahu waraa-a dhahrih, huyo anapewa kitabu chake kwa nyuma ya mgongo?"

Suratul Inshiqaq ameihifadhi tangu ana miaka saba. Ameisoma mbele ya ustadhi, ameisoma kwenye sala, ameisoma Ramadhani kwa Ramadhani. Neno hilo lilikuwa kinywani mwake miaka tisa bila kufunguka. Likafunguka siku adui alipomjia kwa nyuma, kijana wa Maskati akampigia kelele "Waraak! Waraak!", naye asigeuke kwa sababu hajui anaambiwa nini. Akauawa, na timu nzima ikabaki inamsubiri. Mara ya pili aligeuka. Na aliponieleza hivyo akaendelea mwenyewe: kumbe na lile yamin wanalopigiana kelele kila dakika ndilo lile lililomo kwenye sura hiyo hiyo, biyamiinih, mkono wa kulia. Nilimwona uso umemjaa furaha, kama mtu aliyekuta chumba kipya ndani ya nyumba aliyokulia.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na tangu usiku ule nimeacha kuzungumzia gemu kwa namna nilivyokuwa nikizungumzia. Ninachoamini sasa ni hiki: neno la kigeni hukaa kichwani pale mtu mwengine anapolisubiri. Picha nzuri za gemu, pointi na zawadi zake si kitu sana. Kitu ni yule mwenzako upande wa pili, ambaye usipomwelewa sasa hivi mnapoteza nyote.

Darasani sina mtu wa kusubiri. Nimefunzwa kwa orodha ubaoni, maneno ishirini kila Jumatatu, na asiyeyajua Ijumaa anachapwa. Na mimi, bila ya fimbo, nimeirithi orodha ile ile. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alijikaririsha silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima zinavyomtoka. Sehemu kubwa ilimtoka mapema sana, nyingine hata saa moja haikufika. Sisi tunawapa watoto maneno yenye maana, ila tunayapeleka kwao kama silabi zile. Paul Nation, mtafiti wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba anayetaka kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada anahitaji kujua familia za maneno 8,000 hadi 9,000, yaani neno pamoja na ndugu zake wa shina moja. Kwa maneno yangu ishirini kwa wiki, na wiki 40 za masomo, nitamfikisha mwanafunzi kwenye 8,000 baada ya miaka kumi, na hapo ni ikiwa hatosahau hata moja.

Wanaoona mchezo ni upuuzi usioweza kubeba lugha ningewaomba wapite kwenye baraza yoyote ya wacheza karata hapa mjini, wasikilize. Karata yenyewe ni neno la Kireno. Turufu ni Kireno. Shupaza, kopa, uru, vyote Kireno. Wareno walitolewa kwenye ngome yao ya Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1698, na nguvu yao katika pwani hii ikaanguka. Leo hakuna mzee wa Unguja wala Pemba atakayekusalimia kwa Kireno, lakini atapiga turufu mezani kwa kishindo, na meza nayo ni Kireno. Salamu zao zimepotea, maneno ya mchezo tumebaki nayo zaidi ya miaka 300, kwa sababu watu wanne walikaa chini na kila mmoja alihitaji kumwelewa mwenziwe kabla karata haijaanguka.

Nina mwanafunzi mmoja wa kike ambaye darasani hainui mkono. Nikauliza siku moja "furnace" ni nini, neno ambalo mimi mwenyewe nililikariri miaka mingi bila kuliona. Akajibu, kwa sauti ndogo: "Tanuri, maalim. Makaa unaweka chini, jiwe la chuma unaweka juu, unasubiri linatoka chuma." Amelipata kwenye Minecraft, gemu ya kuchimba na kujenga, anayocheza na ndugu zake, simu zao zimeunganishwa kwa hotispoti moja ndani ya nyumba. Nikamuuliza mengine. Anajua majina ya zana, ya mawe, ya wanyama, zaidi ya nusu ya orodha zangu za muhula. Lakini alipojaribu kuunda sentensi alikwama, na sababu naiona: wao nyumbani wanazungumza Kiswahili wakicheza. Kioo kimempa majina ya vitu, na hakuna mtu aliyemdai kitenzi.

Najua malalamiko ya wazazi, mengine ni yangu. Bando linakwisha. Usiku unakwisha. Matusi huingia kabla ya maneno mema, na hilo si dogo. Dada yangu ameweka sharti la saa moja na nusu, simu inarudi kwake, na nadhani amefanya vizuri.

Lakini kuna upungufu ambao sikuutarajia, nao niliuona Idi iliyopita. Tulipata mgeni kutoka Maskati, mzee wa makamo ya baba yangu. Mpwa wangu ndiye aliyefungua mlango, na kwa furaha ya kupata mtu wa kuzungumza naye akamwambia: "Yalla, taal, taal!" Yaani haya njoo, njoo. Kwa mtu mzima! Dada yangu alitamani ardhi ipasuke. Mgeni alicheka, akamshika kichwa, akaingia. Kijana hakukusudia ubaya. Kiarabu chote alichonacho amekipata katikati ya risasi, na katikati ya risasi hakuna anayemkaribisha mtu.

Usiku ule nilikaa naye. Nikamwambia neno alilolitaka mlangoni lilikuwa tafaddal. Akashangaa, "Si ndiyo tafadhali?" Ndiyo, ni lilo hilo, ila sisi tumelichukua kwa kuombea na Mwarabu hulitumia pia kwa kukaribisha: pita, karibu, hii hapa. Mwenye kuomba husema min fadlak. Akaandika yote mawili kwenye daftari.

Daftari hilo ndilo ninalolipigania sasa, kwa wazazi na kwa walimu wenzangu. Mtoto akirudisha simu aulizwe: leo umesikia neno gani usilolijua? Matatu yanatosha. Chuoni aulizwe, skuli aulizwe, na mkubwa wake aongeze lile ambalo gemu haina, kama nilivyoongeza tafaddal. Mimi nimeanza: Jumatatu sileti tena orodha yote ishirini, kumi wanaleta wao. Wengine wanaleta maneno ambayo lazima niende kuyatafuta kabla ya kurudi mbele yao.

Wiki iliyopita daftari limegeuka upande. Mmoja wa wale vijana wa Maskati naye ameanza kutaka maneno yetu, na sasa hupiga kelele "Nyuma! Nyuma!" kwa lafudhi ya kwao. Aliuliza kitu ambacho mpwa wangu hakuweza kumjibu: binamu alimwambia kulia ni yamin, halafu siku nyengine akamwambia kulia ni kutoa machozi, imekuwaje? Kijana akaniletea mimi.

Nikamwambia atazame mkono wake. Huu ni mkono wa kulia chakula, ndiyo maana ukaitwa wa kulia, na machozi hayamo.

Akautazama mkono, akakaa kimya kidogo. Kisha akarudisha hedifoni masikioni kwenda kumweleza mwenziwe, akitafuta Kiarabu cha kula.