Shemeji Anapiga Picha Bila Gharama

Jamani, kama una shemeji anayejifunza upambaji, na chumba chako kina dirisha zuri, ziba hilo dirisha. Ziba kwa tofali kama unalo, na kama huna ziba kwa boksi la biskuti. Asikuone nalo.

Mimi ni mlinzi. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, na kutoka getini kwa watu mpaka kwangu Tandika ni daladala mbili na kusukumana kwingi. Kwa hiyo mchana wenu ndio usiku wangu. Chumba hiki nilikipendea dirisha. Linatazama kusini, na kuanzia mwezi wa sita upepo wa kusi unajileta wenyewe, feni imezimwa, uniti za LUKU zimetulia, mimi nakoroma. Wapangaji wenzangu wananionea wivu, na nilidhani wivu utaishia kwao.

Sasa mdogo wake mke wangu kaja kukaa kwetu, yuko saluni moja mjini anajifunza kupamba maharusi. Siku hiyo kaingia chumbani kuchukua pasi, kasimama, kanyoosha mkono dirishani, anaugeuza huku na huku, anautazama. Mimi nimejifunika shuka, jicho moja liko nje. Nikasikia, "Dada! Njoo uone mwanga wa shem!"

Hapo ndipo usingizi wangu ulipokwenda na maji.

Nikaelezwa, maana kwangu hata kuonewa kunakuja na maelezo. "Shem, mwezi wa saba jua linapita upande wa kaskazini. Kwa hiyo dirishani kwako haliingii moja kwa moja. Unaingia mwanga mtupu, mlaini, kutwa nzima. Watu wanalipia studio kuupata mwanga huu." Nikamwambia na mimi naulipia, unaitwa kodi ya nyumba, tena miezi sita kwa mpigo. Akasema, "Ndiyo maana hatutaki uupoteze umelala."

Shida yake naielewa, sikatai. Bi harusi wa siku hizi haulizi mpambaji ni nani, anataka kwanza aone picha Instagram. Na shemeji hataki picha za bi harusi wa kawaida, anataka za ubunifu, uso uchorwe vitu, mtu akipitisha kidole kwenye simu asimame. Lakini hana kamera, hana ile taa ya duara, hana hela ya studio. "Hakuna shida," akasema, "tutafanya bila gharama, kwa vilivyopo humu ndani." Mke wangu akapiga vigelegele. Na mimi nikaitikia vizuri tu, mwanaume gani anakataa jambo lisilo na gharama?

Halafu nikaliona daftari. Binti kajipanga, hilo nampa. Kachora uso wa mtu, mishale kila upande, mwanga unatoka wapi, kivuli kinaangukia wapi, rangi gani inakaa juu ya jicho na ipi inashuka shavuni. Pembeni kaandika mahitaji. Kitambaa cheusi cha nyuma: koti la shem la zamu. Cha kulainisha mwanga dirishani: chandarua cha shem. Cha kuurudisha mwanga upande wa kivuli: kanzu ya shem, ile ya Idi. Kamera: simu ya shem. Wa kushika: shem.

Nikauliza, "Mbona humu ndani tunaishi watu watatu na vilivyopo vyote ni vyangu?" Mke wangu akasema nina gubu.

Kwenye koti nikakaza. Koti lile nakutana nalo saa tisa za usiku, umande unashuka na mbwa wa tajiri kajikunyata kuliko mimi. Likichafuka poda nitavaa nini? Shemeji akakaa chini, akanipa somo. Eti kulikuwa na mpiga picha Bamako, Mali, anaitwa Seydou Keïta, alifungua studio nyumbani mwaka 1948. Anapigia uani, kwa mwanga wa jua, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mteja anapata pigo moja tu. Na leo picha zake ziko kwenye majumba ya makumbusho Ulaya na Marekani. "Sasa wewe shem unashindwa koti?"

Nikamwambia rudia hapo kwenye shuka. Akarudia. Shuka la nani? La kitanda chake mwenyewe. Basi! Keïta wa watu hakuingia kwa shemeji yake kumvua chandarua.

Akahama Bamako akaenda Bangui. Kuna mwingine, Samuel Fosso, mwaka 1975, ana miaka kumi na mitatu tu, akafungua studio yake. Jioni, zikibaki filamu kidogo ambazo hazijamalizwa na wateja, anavaa, anajipanga, anajipiga mwenyewe, picha anamtumia bibi yake Nigeria. "Kwa mabaki, shem! Akaja kuwa mtu mkubwa." Nikasema huyo ndiye ninayemtaka. Kajipiga mwenyewe, kwa mabaki yake mwenyewe, na hakumwamsha mtu. Mfuate huyo.

Koti likatundikwa.

Kitanda kikasukumwa mpaka mlangoni, maana eti msichana wa kupigwa asigusane na koti. Asogee karibu na dirisha, koti libaki mbali, ndipo nyuma patakuwa giza zuri na uso utang'aa. Nikauliza kwa nini. "Mwanga unachoka haraka, shem. Kitu kikiwa mbali na dirisha mara mbili, kinapata robo tu ya mwanga." Dirisha dogo kama langu, ukiwa karibu nalo sana hesabu haikai sawasawa hivyo, akasema, lakini giza unalipata. Mimi kwa habari ya kubaki robo sihitaji mwalimu. Mshahara wangu unafika robo na hakuna aliyeusogeza.

Mchoro wenyewe ni nguva. Nusu ya uso iwe binadamu, nusu iwe na magamba ya samaki. Magamba yanatoka wapi bila gharama? Kwenye wavu wa vitunguu. Unaubana wavu shavuni, unadonoa rangi ya macho juu yake kwa kipande cha sponji, ukiuondoa yanabaki magamba yamepangana, huamini macho yako. Nimeona kwa macho yangu na nilistaajabu. Tatizo wavu ule ulikuwa kazini. Ulikuwa na vitunguu vyangu nilivyonunua Temeke sokoni, na vitunguu vikamwagwa ndani ya kofia yangu ya ulinzi, kwa kuwa ndicho chombo kilichokuwa karibu.

Na wavu haukuoshwa. Msichana aliyekuja kupigwa, rafiki yake wa saluni, kakaa katulia, kope za bandia zimeshabandikwa, wanja umenyooka. Wavu ulipogusa shavu tu, machozi. Wanja ukashuka kwenye poda, poda ikashuka kwenye shingo, nguva akawa mfiwa. Ikafutwa yote, wavu ukaenda kuoshwa uani kwa sabuni yangu ya kufulia, kazi ikaanza upya.

Kope moja ikang'oka na gundi yake ndiyo imeisha. Rafiki akasema kwa fundi viatu hapo nje kuna gundi inashika palepale. Mke wangu alikuwa jikoni. Sijui alisikiaje, lakini alitokea na mwiko mkononi. "Jichoni kwa mtu? Ndani ya nyumba yangu?" Akapiga marufuku na ile piko waliyotaka kuchorea mistari myeusi, maana hiyo ni dawa ya nywele, kuna watu inawababua mpaka malengelenge, na hapa tunazungumzia uso. Na vile vimetameta vya kupambia kadi, akasema marufuku karibu na macho, chembe ikiingia inakwaruza. Vipakwe shavuni na mwisho wake shavuni. Mistari wakachora kwa wanja. Siku hiyo mke wangu ndiye mtu pekee aliyekataa kitu na kikakatalika. Nilijaribu kuazima sauti yake kwa ajili ya kanzu, haikufanya kazi.

Katikati ya hayo hodi, mama mwenye nyumba, kaja na daftari la hela ya maji. Shikamoo bibi, marahaba baba, mbona kitanda kiko mlangoni? Kaona nguva. Nikajua leo tunahamishwa. Lo! Bibi huyo ni wa Unguja, akakaa kwenye kitanda changu, akaanza kusahihisha. Mbona uso mkavu? Kwao wakipaka liwa, msandali unasagwa kwa marashi, uso unatulia. Akamtuma mjukuu, likaja kopo la liwa, nguva akawekewa nukta juu ya nyusi, na kusema kweli palikaa vizuri. Kisha akatusimulia alivyokwenda kupigwa picha usichanani, Capital Art Studio, pale Mji Mkongwe, kavaa asumini. Ile hela ya maji hakuiuliza. Kabla ya kutoka akaniambia taratibu kwamba nitaileta kesho.

Sasa mimi. Mimi nimesimama upande wa kivuli nimeshika sinia la pilau. Lilianza sinia kwa sababu linang'aa, shemeji akatazama kwenye simu akasema hapana, linarusha mwanga mkali, shavu linaonekana limemwagiwa mafuta. "Shem, leta kanzu." Kitambaa cheupe kinarudisha mwanga mpole. Nikashika kanzu yangu mwenyewe kwa mikono miwili, mabega juu, "inua kidogo, shem, shusha, hapo hapo, usipumue." Taa ya chumbani nayo ikazimwa, maana ya kwetu ni ya njano na ikichanganyika na mwanga wa dirishani uso unatoka rangi mbili. Hilo nililipenda. Kati ya yote yaliyofanyika siku hiyo, kuzima taa ndiko kulikonipa faida.

Simu ni yangu kwa sababu ya shemeji ina ufa kwenye kioo cha kamera. Yangu naikatia mkopo kila mwezi, na kumbe miaka yote hii nilikuwa siifuti. Akapangusa kile kioo cha nyuma kwa ncha ya khanga, akanionyesha mafuta ya chipsi mayai. Baada ya hapo picha zikawa safi mpaka nikasikitika kwa picha zote za watoto wa kaka yangu nilizopiga na ukungu. Akanifundisha na jingine: simu usiisogeze puani kwa mtu, pua inakuwa kubwa na masikio yanapotea. Rudi nyuma hatua mbili, vuta mara mbili. Nimekumbuka picha yangu ya kitambulisho cha kazi, aliyenipiga alikuwa kanikaribia kama daktari wa meno.

Mkuu wangu wa zamu akapiga simu. Shemeji akakata. Akapiga tena. Akakata, akaendelea, "Jicho kushoto, kidevu chini." Halafu simu ikasema imejaa. "Shem, hizi video za mpira unaziangalia?" Kabla sijafungua mdomo zikawa hazipo.

Na hapo kusi likaamka. Nilishawaambia, dirisha ni la kusini. Chandarua kikavimba, kikafyatuka upande mmoja, kikamfunika nguva, na kopo la vimetameta lililokuwa juu ya meza likainuka lote. Sijui niwaelezeje. Vilikwenda kitandani. Vilikwenda kwenye vitunguu ndani ya kofia. Vilikwenda kwenye chai. Na mimi nimeshika kanzu, nimeambiwa nisipumue, nimevipokea usoni vyote vilivyobaki. Shemeji wala hakushtuka, alibonyeza tu. Msichana kageuza kichwa chini ya chandarua, nywele zimeruka, magamba yanawaka, vimetameta vinaelea mbele ya koti jeusi.

Picha hiyo nimeiona. Sisemi kitu. Nimeitazama muda mrefu, halafu nikaenda kutafuta pa kulala.

Sikulala. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa getini, nanukia vitunguu, kila gari likinimulika shavu linanijibu. Tajiri mwenye nyumba kashusha kioo, kanitazama, kapandisha. Ikafika saa mbili, mkuu wa zamu kaja na pikipiki. Nikajua ni zile simu mbili zilizokatwa. Kaniwashia tochi usoni, kakaa nayo.

"Hiyo nini?"

Nikaona bora ukweli. Nikatoa simu nikamwonyesha nguva. Kaishika, kaikuza, kaisogeza, kashuka kwenye pikipiki kabisa. "Nani kafanya hii?" Shemeji yangu, afande. "Bei gani? Binti yangu ana sendofu mwezi wa kumi na moja."

Nilipofika nyumbani asubuhi nikamfikishia. Shemeji kafurahi, karuka, kasema kwa kuwa ni bosi wangu atamfanyia nusu bei, na vifaa visimpe mawazo bi harusi, vyote vipo. Kwa siku hiyo ataongeza tu vitu viwili: kabati langu la nguo litoke nje ili lipatikane nafasi, na mimi niombe ruhusa kazini nije kushika kanzu.

Ruhusa isiyo na malipo, nilipouliza. Mkuu wa zamu keshaikubali.