Kitasa Begani

"Njoo huku Goba uniambie usiku napitaje kwenda kulala."

Simu ilianza hivyo, Jumapili, saa moja asubuhi. Shikamoo yangu haikuitikiwa. Ukiona mwalimu mstaafu, tena wa hisabati, ameiacha shikamoo ikining'inia hewani, ujue kesi ni kubwa.

Kazi yangu ni kutengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijakamilika. Unaniletea ramani, nazipandisha kuta ndani ya SketchUp, programu ya kuchorea nyumba, napeleka Lumion, programu ya kuzipamba, kuweka jua, mapazia na maua, kisha kompyuta yangu ya mtumba inakoroma usiku kucha kama mashine ya kukoboa. Asubuhi unapata nyumba yako, imeshapigwa rangi, imefagiliwa, haina hata nzi. Sisi tunaita kurenda. Mwalimu aliita "kupiga picha", nami sikumsahihisha. Ukimwambia mtu "picha", kichwani kwake kuna mahali mtu alisimama na kamera, kwa hiyo kilichomo kipo.

Sebule yake ilikuwa futi 10 kwa 12. Humo alitaka sofa la L, kabati la TV, meza ya chakula ya watu sita, na "nafasi ya kupita, maana nina wajukuu". Mtu mkweli angemwambia achague viwili. Mimi nilisema, "Hakuna shida, Mwalimu." Hilo ni neno ambalo limenigharimu fedha nyingi kuliko kodi ya chumba.

Sofa nililitoa 3D Warehouse, ile maktaba ambako watu wa dunia nzima hupakia vitanda, masufuria na magari yao bure. Lilikuwa zuri, la kijivu, mito mitano upande mrefu na mitatu upande mfupi. Nikalitua sebuleni. Lilijaa kama ng'ombe ndani ya bajaji, na ule mguu wake mfupi ukaziba mlango wa korido inayokwenda vyumbani.

Ilikuwa saa sita usiku, na picha zilitakiwa saa tatu asubuhi.

Wenzangu wa kazi hii mnaijua herufi S, ile ya kukuza na kupunguza vitu. Unabonyeza S, unashika kona, unaandika 0.7, unapiga Enter. Sofa likanywea lenyewe bila kulalamika. Mlango wa korido ukafunguka. Nikanyoosha mgongo, nikajimiminia chai, nikajiona fundi.

Tatizo la uongo ni kwamba haupendi kukaa peke yake. Nilikuwa nimemkalisha bwana mmoja kwenye sofa ili picha iwe na uhai, na sasa magoti yake yalikuwa yanakaribia masikio. Naye nikampa 0.7. Akakaa vizuri, lakini meza ya kahawa mbele yake ikawa kama jukwaa la harusi. Meza, 0.7. TV ukutani ikaonekana ya ukumbi wa sinema. TV, 0.7. Meza ya chakula na viti vyake sita, 0.7 wote kwa mkupuo, maana nilikuwa nimeshazoea. Karibu na mlango alisimama bwana mwingine mwenye ndevu, ameshika kikombe. Huyo alionekana jitu, kama mlinzi wa benki aliyekuja kuwakamata wenzake. Nikamnywesha dawa ile ile.

Nilivyobakiza ni viwili tu: mlango, kwa sababu ni sehemu ya ukuta, na marumaru za sakafuni, kwa sababu nilikuwa nimezipanga kwa kipimo chake halisi, sentimita 60 kwa 60. Nilijisifu kwa hilo. Nikasema, angalau sakafu ni ya kweli.

Halafu kuna suala la kamera. SketchUp ukiifungua, upana wa jicho lake ni nyuzi 35, kiasi cha mtu mstaarabu. Mimi niliupanua hadi 80, nikauficha ukuta mmoja, nikairudisha kamera nyuma mpaka ikapata pumzi. Kwa hesabu ya kiwanja, ilikuwa imesimama kwenye mahindi ya jirani. Lakini sebule! Ungeweza kufungia ndoa mle ndani.

Umeme ulikatika saa tisa usiku, ukarudi saa kumi na nusu. Picha ikaiva saa tatu kasoro dakika nne, nikaituma kwa WhatsApp. Mwalimu akaitazama kwenye simu yake, kioo ukubwa wa kipande cha sabuni, akanipigia.

"Mwanangu, imependeza sana. Huyu aliyesimama ni nani?"

"Ni mtu wa mfano tu, Mwalimu."

"Asivae sweta. Hapa ni Dar."

Nikamvua sweta, nikamvisha shati. Akanilipa pesa yote siku hiyo hiyo, kitu ambacho kwenye fani yetu kingetosha kunitia wasiwasi. Miezi minne nikawa nimemsahau.

Sasa Jumapili hiyo nafika Goba, napiga hodi, mlango unafunguliwa na mjukuu aliyesimama juu ya sofa. Hakulisogelea wala kuliegemea. Alikuwa juu yake, wima, kama kondakta. Sofa lilianzia kona moja na kuishia nisikokuona. Kumbe Mwalimu aliichapisha ile picha kwenye karatasi kubwa ya A3, akaiwekea nailoni, akaipeleka kwa seremala Keko. Seremala naye hakuona sababu ya kupima. Alihesabu mito, mitano huku na mitatu kule, na kwa mafundi wote wa Keko mto mmoja ni futi mbili, kwa sababu ndivyo makalio ya Watanzania yalivyo. Fremu ililetwa vipande viwili, ikapitishwa dirishani, ikaungwa humo humo ndani, ikavishwa sponji na kitambaa cha kijivu. Wiki iliyofuata fundi wa grili akachomelea madirisha. Sofa likawa mwanafamilia.

Upande mrefu ulikula ukuta wote wa futi 12, ukabakiza nafasi ya kusimika ufagio. Upande mfupi ulipita mbele ya mlango wa korido na kuacha mwanya wa futi moja. Paka alipita, tena ubavu ubavu. Binadamu anayetaka chumba, bafu au choo alivua viatu, akapanda, akatembea mito mitatu na kushukia ng'ambo. Meza ya chakula ilikuwa barazani, juu yake kuku.

"Tulijaribu kuligeuza," alisema Mwalimu, "likaziba mlango wa mbele. Nikaona bora tufungiwe ndani ya sebule kuliko tufungiwe nje ya nyumba."

Ijumaa iliyotangulia alikuwa na wageni wa kikoba. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima mwenye heshima zake, aliomba kujisaidia. Akaonyeshwa njia. Alisimama juu ya mto wa pili, mkoba mkononi, akauliza kama anaruhusiwa kuendelea.

Nilianza kueleza mambo ya lenzi. Mwalimu hakunijibu. Alileta ile A3, rula, penseli, na miwani aliyoifunga kamba, akanikalisha. Nilikaa kwenye ukingo wa sofa. Lilikuwa zuri sana kulikalia, siwezi kudanganya.

"Hizi marumaru ni sentimita ngapi?"

"Sitini, Mwalimu."

"Hesabu sofa limelala juu ya marumaru ngapi."

Nikahesabu. Nne.

"Kwa hiyo sentimita 240. Toa mikono ya sofa, sentimita 14 huku na 14 kule. Gawa kwa mito mitano."

Nilitafuta simu.

"Weka simu chini. Ni 42 na vipointi. Sentimita 42, mwanangu. Anakaa nani hapo?"

Nikasema labda mtoto. Penseli ikahamia mlangoni, kwa yule bwana wa shati.

"Mlango sentimita 210. Kitasa kiko sentimita 100 kutoka chini. Kwa huyu kitasa kimefika wapi?"

Nilitazama. Kitasa kilikuwa begani kwake. Alikuwa amekiegemea karibu kwa shavu, kikombe mkononi, anatabasamu.

"Begani, Mwalimu."

"Na ana ndevu."

"Ana ndevu, Mwalimu."

Mjukuu, aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye mto wa nne akisikiliza, aliuliza kama yule baba yuko darasa la pili kama yeye. Hakuna aliyemjibu.

Jumanne yake nilirudi na seremala na msumeno. Mto wa mwisho wa upande mfupi ukakatwa, mkono wa sofa ukasogezwa, mlango wa korido ukaanza kupumua. Kipande kilichobaki kilipigiwa miguu, kikawa kigoda cha barazani, na kuku walikikubali mara moja. Ufundi nililipa mimi; kitambaa cha kuziba jeraha alilipa Mwalimu, akasema ni kwa sababu na yeye alipaswa kuhesabu tangu mwanzo.

Nilipoaga, aliniita nyuma.

"Hebu simama hapo mlangoni. Egemea kabisa. Nyoosha mgongo."

Nikasimama. Akavaa miwani, akaja karibu, akatazama kitasa, akanitazama mimi. Kilikuwa kiunoni.

"Umekua," akasema, akanifungulia mlango.