Ukurasa wa wavuti ukigeuzwa Markdown, nini kinapotea?

Anayetaka makala za mtandaoni zidumu kwake miaka mingi hushauriwa azigeuze kutoka HTML, lugha inayounda kurasa za wavuti, kwenda Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio. Ushauri huo una mashiko. John Gruber alipoitoa Markdown mwaka 2004, alitaka maandishi yasomeke hata kabla hayajapita kwenye programu yoyote: alama ya reli (#) mbele ya kichwa cha habari, vinyota viwili kila upande wa neno la herufi nzito, basi. Faili la namna hiyo ni jepesi na hufunguka popote. Matangazo, menyu na skripti zinazoulemea ukurasa hubaki nje.

Ila Markdown ilibuniwa kwa safari ya kutoka maandishi kwenda HTML. Vigeuzi vya kurudi kinyume vipo tangu zamani. Aaron Swartz, aliyemshauri Gruber, ndiye aliyeandika html2text, programu ya kugeuza HTML kuwa Markdown. Tatizo ni kwamba HTML inajua mambo mengi ambayo Markdown haina pa kuyaweka.

Majedwali ndiyo balaa lenyewe. Markdown ya Gruber haikuwa nayo kabisa. Yaliongezwa na matoleo ya baadaye, likiwemo la GitHub, tovuti ya kuhifadhi misimbo ya programu, nayo hayatambui seli zilizounganishwa. Chukua ratiba ambayo “Jumatatu” imeandikwa mara moja na kushika mistari miwili. Kigeuzi kikipuuza muungano huo, mstari wa pili unapungukiwa seli moja na vyote vinasogea kushoto: saa inakaa chini ya “Siku”, somo chini ya “Saa”. Hakuna onyo lolote. Jedwali linapendeza machoni, na limedanganya.

Watetezi watajibu kwamba Markdown inaruhusu kupachika HTML ndani yake. Ni kweli, na kwa jedwali kama hilo ningefanya hivyo bila kusita, japo usomaji mwepesi tuliokuja kuutafuta unaishia hapo.

Kwa makala ya aya na vichwa, geuza tu. Kinachopotea ni mapambo. Hakikisha viungo na picha zina anwani kamili, maana “../picha/ramani.png” haimfikishi mtu popote faili likishahama. Penye majedwali au fomula, HTML asilia ibaki kando ya nakala. Markdown unaweza kuitoa upya humo kesho kwa kigeuzi bora zaidi, ila seli zilizokwisha kutawanyika hakuna programu itakayojua zilikaa wapi.