Hiki Kidude Kinanipeleka au Nakipeleka?

Niliambiwa skuta ya umeme, kile kibao cha magurudumu mawili unachopanda umesimama, imeletwa mjini ili mtu kama mimi asichoke kutembea. Basi nisikilizeni, maana tangu nianze kukodi skuta natembea kuliko wakati wowote wa maisha yangu, na soli ya kiatu changu cha kushoto ni shahidi. Ya kushoto, si ya kulia. Sababu inakuja.

Asubuhi unafungua simu. Ramani inakuonyesha skuta iko hapo hapo, hatua sitini. Unakwenda hatua sitini, huoni kitu. Unageuza simu, unajigeuza na wewe, mwisho mnazunguka wote wawili kama pia. Kumbe mahali pa skuta panajulikana kwa mawimbi ya satelaiti, na katikati ya maghorofa mawimbi hayo yanagonga ukuta huu na ule kabla ya kufika, kwa hiyo kile kidoti kwenye ramani kinakosea mita kadhaa. Uwanjani mita kadhaa si kitu. Mjini mita kadhaa ni ng'ambo ya barabara ya njia sita, au ndani ya ua wa mtu mwenye mbwa. Huyo mbwa nimeshakutana naye mara nne. Siku hizi habweki, ananiangalia tu kwa huruma.

Ukiipata, betri ina asilimia 9. Pembeni kuna nyingine yenye asilimia 80, lakini imelala kifudifudi katikati ya njia ya waenda kwa miguu, usukani umepinda kama shingo ya mtu aliyelalia mto vibaya. Kuiinua si mchezo. Hizi za kukodi hutengenezwa nzito makusudi, ili zistahimili watu wa aina yetu, na nyingi zinapita kilo 20. Mtu asiyeona anayetembea na fimbo yake akikutana na chuma hicho njiani, ndiye mwenye haki ya kulalamika kweli. Mimi nalalamika kwa kipaji tu.

Haya, umeiinua. Unaielekeza simu kwenye kile kimraba cha QR. Inakuuliza kama umesoma masharti. Unabonyeza "nimesoma". Inalia "ting!" na dakika zinaanza kuhesabiwa. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu, unalipia. Ukisubiri taa nyekundu, unalipia. Mtaniambia hata teksi iko hivyo. Sawa, lakini kwenye teksi unakaa.

Sasa soli. Skuta ya kukodi haiondoki mpaka uisukume kwa mguu mara mbili tatu, ndipo mota inakubali kushika. Wanasema ni usalama, isije ikachomoka kwa sababu umegusa kidude cha mafuta kwa bahati mbaya. (Tunasema mafuta kwa mazoea, mafuta yenyewe hayamo.) Usalama nakubali. Lakini mtu mzima mwenye tai na mkoba kuanza kurukaruka kwa mguu mmoja mbele ya kituo cha basi saa moja na nusu asubuhi, hapo unakuwa umewapa abiria wote la kuwachangamsha hadi jioni. Basi lenyewe likafika. Likanipita. Yule mtoto aliyekaa dirisha la nyuma alinipungia mkono kwa heshima zote.

Mkishaondoka, kuna gurudumu. Gurudumu la baiskeli ni kubwa, likikuta kishimo linakivuka. La skuta ni kama sahani. Kishimo kilekile linazama ndani yake na kusimama, na wewe uliye juu hukupewa taarifa kwamba safari imesimama. Kofia ngumu sikuwa nayo siku hiyo. Nilinunua kesho yake, nikiwa na plasta kwenye pua.

Lakini linaloniua kabisa ni ramani. Mwenye skuta si mimi, na si kampuni pia, ni ramani. Nakwenda zangu vizuri, ghafla skuta inapoa. Nabonyeza, haitaki. Naangalia betri, imejaa. Kumbe nimeingia "eneo la mwendo wa taratibu", mstari uliochorwa na mtu aliyekaa kwenye kiti sehemu fulani, na skuta imeshaonywa kabla yangu. Bibi mmoja mwenye toroli la sokoni akanipita kushoto. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akaitikia "Marahaba" bila kugeuka, maana nilishakuwa nyuma yake.

Halafu kuna eneo ambalo mota inazimika kabisa. Hapo unashuka, unakokota kilo ishirini na ushee, na dakika zinaendelea. Nilipita nyumbani kwetu hivyo hivyo nikikokota, kwa sababu mlangoni petu hairuhusiwi kuegesha. Mke wangu alikuwa dirishani.

"Baba watoto," akaniita, "hicho kidude kinakupeleka au unakipeleka?"

Sikujibu. Nilikuwa nalipia kila dakika.

Pa kuegesha palikuwa mtaa wa tatu. Nikaiweka kwenye visanduku vilivyochorwa chini, nikaipiga picha kama wanavyotaka. Jibu: picha haionekani vizuri. Nikarudi nyuma, nikapiga tena. Jibu: skuta iko nje ya mstari. Mstari upi? Gurudumu la nyuma lilikuwa limeukanyaga kwa unene wa kidole. Harusini kwangu sikupigwa picha nyingi hivyo. Mwisho nikaona kitu cha kijani kinazunguka kwenye simu, nikasema yameisha, nikarudi nyumbani kwa miguu mitaa mitatu. Likumbukeni hilo duara la kijani, nitalirudia.

Njiani nilikuwa nawafikiria watu wa Paris. Wenzetu wale hawakununa peke yao kama mimi. Waliitwa kupiga kura Aprili 2023, skuta za kukodi zibaki au ziondoke, na asilimia 89 ya waliopiga kura wakasema ziondoke. Mwezi wa tisa mwaka huohuo hazikuwepo tena. Waliojitokeza, lakini, hawakufika hata asilimia 8 ya wapiga kura wote. Wengine nadhani walikuwa bado wanatafuta pa kuegesha.

Na Amsterdam, mwaka 1965, vijana wa kundi la Provo walichukua baiskeli, wakazipaka rangi nyeupe, wakaziacha mitaani bila kufuli, yeyote apande akamwachie mwenzake. Hakuna simu, hakuna picha, hakuna dakika. Polisi wakazikusanya, kwa kuwa sheria ilikataza kuacha baiskeli bila kuifunga. Yaani enzi hizo kosa lilikuwa haijafungwa. Siku hizi kosa ni kwamba haifunguki.

Mke wangu akanishauri niachane na vya kukodi nipande baiskeli yangu ya kawaida, iliyokuwa imelala stoo. Nikaitoa, nikaijaza upepo, nikaukabili ule mlima wa kwenda kazini. Nusu ya mlima moyo unadunda hadi masikioni, nasikia nyuma yangu "mzzzzz", kama nyuki aliyekunywa uji. Nikageuka. Mzee wa ghorofa ya chini, zaidi ya miaka sabini, mgongo wima, amevaa koti, anapiga pedeli taratibu kama anayekoroga chai. Akanipita.

"Kazana, mwanangu," akasema.

Baiskeli ya umeme. Nilikwenda kuuliza habari zake, kwa uchungu. Ulaya sheria inataka mota yake isizidi wati 250, na ikifika kilomita 25 kwa saa iache kusaidia, uendelee kwa miguu yako. Wati 250 zinasikika kidogo, birika la umeme la kuchemshia maji linakula hata mara nane yake. Lakini mtu wa kawaida akijikaza kwa muda mrefu hutoa kama wati 100 tu. Piga hesabu. Mzee na mota yake ni wati 350. Mimi pale mlimani nilikuwa nashindana na watu watatu na nusu, na ile nusu ndiyo iliyoniambia kazana.

Ubaya wake mmoja nimeuona, nao nausema bila wivu. Mzee alikuwa anachaji betri usiku kwenye korido, mlangoni, kwa chaja ya kuazima. Nilimkatalia. Betri hizi za lithiamu zikiharibika, seli moja ikipata moto inaiambukiza ya pili, ya pili inaiambukiza ya tatu, na kama iko mlangoni ndiyo imeshakaa kwenye njia yenu ya kutokea. Akanielewa, siku hizi anachaji mchana akiwa macho, kwa chaja yake mwenyewe. Mlimani bado ananipita.

Sasa turudi kwenye duara la kijani. Saa tano na nusu usiku niko kitandani, simu ikatetemeka. "Safari yako bado inaendelea. Unafurahia?"

Niliruka kitandani na kanga ya mke wangu kiunoni. Kumbe lile duara lilikuwa linazunguka tu, intaneti ilikatika, safari haikufungwa. Tangu jioni! Nikabonyeza maliza. Ikasema nisogee karibu na skuta. Nikashuka ngazi, mitaa mitatu, kwa kanga, kwa kandambili. Mbwa akaniona. Akafunika uso kwa mguu wa mbele.

Nafika kwenye visanduku, hakuna skuta. Nikafungua ramani. Kidoti kilikuwa kinatembea. Nikadhani mwizi, kumbe ni lile gari la usiku linalopita kuzikusanya zikachajiwe. Skuta yangu imepakiwa nyuma ya gari, imelala, haina habari, na nauli nalipa mimi. Nikasimama pale nikiitazama inavuka mji mzima, tena kwa mwendo ambao nikiwa mimi juu yake haikuwahi kuukubali. Hata eneo la taratibu ililipita kama mshale.

Simu ikaita. Mke wangu.

"Umeipata?"

"Inakwenda," nikasema.

"Nani anaipeleka?"

"Nalipia tu, mama watoto. Sijui zaidi ya hapo."