Besiboli Ikienda Tokyo Sawa, London Nina Shaka

Machi 2025, Dodgers wa Los Angeles na Cubs wa Chicago walifungua msimu wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani pale Tokyo Dome. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa saba mchana. Los Angeles ilikuwa saa tisa usiku. Yaani shabiki wa Dodgers ndiye aliyekatishwa usingizi ili mtu wa Tokyo aone mpira kwa raha zake.

Sina huruma naye sana. Timu moja hucheza mechi 162 kwa msimu, 81 kati ya hizo nyumbani. Ukichukua moja au mbili ukazipeleka ng'ambo, hakuna anayekufa njaa. Soka ni habari nyingine: klabu ya Uingereza ina mechi 19 tu za nyumbani kwenye ligi, ndiyo maana wazo la "mechi ya 39" la mwaka 2008, iliyotakiwa kuchezwa nje ya nchi, liliwafanya mashabiki waje juu hadi likazikwa.

Ila swali langu ni hili: mechi hizo zinamfikia nani hasa? Tokyo jibu liko wazi. Mechi ya kwanza warushaji walioanza pande zote mbili, yaani wale wanaomtupia mpigaji mpira, walikuwa Wajapani, Yamamoto na Imanaga. Ya pili Ohtani, Mjapani wa Dodgers, akaupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja. Na mwaka 2019, Ichiro Suzuki, nyota mwingine wa Kijapani, akiwa na miaka 45, alistaafia palepale. Watu wale hawakuwa wanafundishwa mchezo, wameukuta kwa babu zao. Ligi ilikwenda kuvuna shamba lililolimwa na wengine, na mavuno yalikuwa mazuri.

London je? Mwaka 2019 Yankees waliwafunga Red Sox 17-13 kwenye uwanja wa West Ham, mechi ikachukua karibu saa tano. Uwanja ulijaa. Ligi ikarudi 2023 na 2024. Paris nayo ilipangiwa mechi mwaka 2025, zikafutwa kabla hata ya kuchezwa. Mimi naona pale watu wanakwenda kutazama tamasha, wananunua kofia, Jumatatu wanarudi kwenye soka lao. Mtoto wa London aliyevutiwa Jumamosi ile, Jumapili ya wiki inayofuata akacheze wapi?

Hapo ndipo namfikiria jirani yetu Uganda. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Kampala ilifuzu mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto, kule Williamsport, Marekani, ikanyimwa viza. Wapinzani wao wa Kanada, watoto wa Langley, wakapanda ndege Januari 2012 kuja kucheza nao Uganda. Kwangu mimi hiyo ndiyo mechi ya ng'ambo iliyokuwa na maana kuliko zote, na haikuandaliwa na ligi kuu. Mwaka huohuo watoto wa Lugazi wakafika Williamsport, timu ya kwanza ya Afrika. Kufikia 2022 Dodgers walikuwa wanasajili vijana wawili wa Kiganda.

Kikapu wamelielewa hili mapema kidogo. NBA haijaleta mechi hata moja ya msimu wake Afrika, lakini ilishiriki kuanzisha BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, iliyoanza Kigali mwaka 2021, na klabu za hapahapa ndizo zinazocheza.

Basi ligi ya besiboli iendelee kwenda Tokyo, Seoul na Mexico City kila ipatapo nafasi. Safari ya London ningeifuta, fedha zake nilipie makocha wa shule, kuanzia Lugazi.