Uzamivu wa Kihispania si anasa

Septemba 15, 2023, bodi ya Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, ilipiga kura kufuta programu 28 za masomo na nafasi 143 za wahadhiri. Pengo la bajeti lilikuwa dola milioni 45, na lugha za kigeni zikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Madarasa machache ya Kihispania yalinusurika, lakini shahada zake zikafutwa.

Waliounga mkono hatua hiyo wana hoja. Kati ya 2016 na 2021 wanafunzi wa Kihispania katika vyuo vya Marekani walipungua kwa takriban asilimia 18. Uzamivu, yaani shahada ya udaktari (PhD), hula miaka mitano, sita, hata saba, kisha wahitimu wanagombania nafasi chache za kudumu za kufundisha. Mzazi anayelipa ada ana haki ya kuhoji.

Ila wengi wakisikia fulani anasomea uzamivu wa Kihispania, hudhani anajifunza kuongea. Uongozi wa chuo hicho ulifika mahali pa kutaja hata programu za mtandaoni za kujifunzia lugha kama mbadala. Kwa kuagiza chakula Madrid, sawa, simu inatosha.

Sasa nenda Seville, kwenye hifadhi ya nyaraka za makoloni ya Hispania iliyoanzishwa 1785. Ina kurasa zipatazo milioni 80. Nyingi za karne ya 16 na 17 ziliandikwa na makarani waliokuwa hawainui kalamu: neno limeshikana na neno mstari mzima, vifupisho vimejaa, nukta na mkato ni vya kutafuta. Mzaliwa wa Seville hiyohiyo, msomi wa kutosha, akiutazama mwandiko huo ataona uzi uliojisokota. Kuusoma kunafundishwa, tena taratibu, na mahali pake ni ngazi ya uzamili na uzamivu, katika idara za Kihispania na za historia.

Nasi Waafrika tumo katika nyaraka za aina hiyo. Cartagena, katika Colombia ya leo, ilikuwa bandari kuu ya kushushia watumwa, na kuanzia 1610 mahakama ya kidini ilikaa pale. Iliwahukumu pia Waafrika, kwa uganga, kwa kukufuru, na majibu yao yakaandikwa na karani. Kwa baadhi yao hakuna popote pengine sauti yao iliposalia. Asipokuwepo wa kusoma, wamenyamazishwa mara ya pili.

Utaambiwa kompyuta itasoma. Kweli, zipo programu zinazosoma miandiko ya kale, na zinasaidia sana. Lakini zilifunzwa kwa kurasa ambazo binadamu alikwisha kuzisoma, na zinapobahatisha ni yuleyule binadamu anayezikagua.

Mahali wakosoaji wamepatia ni kwenye idadi. Idara zidahili wachache, ziwalipe vizuri, na ziwafundishe pia ukalimani wa mahakamani na hospitalini. Marekani ina zaidi ya watu milioni 40 wanaozungumza Kihispania nyumbani, kwa hiyo kazi hiyo ipo. Kupunguza kunarekebishika. Ukifuta ngazi zote, kuanzia shahada ya kwanza, siku ukitaka kurudi utalazimika kuajiri kutoka chuo ambacho hakikufunga, kwa bei atakayoitaja mwenye mali.